Kabla Kadi Hazijachomwa

Mwanangu Rashidi,

Salamu nilikupa kwa mdomo leo mchana na hukuziitikia, kwa hiyo sitazirudia kwenye karatasi. Nadhani bado umekasirika. Mimi pia nimekasirika, ila hasira yangu huwa haina sauti, na ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za shati gani uvae siku ya kwanza, wala za kuwaamkia watu wazima utakaowakuta njiani. Hayo bibi yako amekuwa akikwambia wiki nzima, na kesho atakwambia tena mguu wako mmoja ukiwa tayari garini. Mimi nina jambo moja tu. Nataka zile kadi za wagonjwa za zahanati ya Mackinnon Road, unakokwenda kuanza kazi, zisichomwe.

Najua neno "mwanangu" linakuchekesha likitoka kwangu. Umenizidi umri. Mimi bado navaa sare ya shule, na wewe umekwisha kuajiriwa na kuachishwa kazi. Zamani ulikuwa ukinitania mbele ya rafiki zako, "Mama mdogo, mwanao ana njaa," nami nikakimbilia jikoni kujificha. Lakini mama yako alikuwa dada yangu, tumbo moja, na siku ya tatu ya matanga bibi yako alinishika mkono mbele ya jamaa wote akasema, "Mamake Rashidi sasa ni huyu." Nilijifunika leso hadi machoni. Kazi niliyopewa siku ile ndiyo ninayoifanya usiku huu, vizuri au vibaya.

Nianzie Bongwe, kwa Daktari Kioko. Wakati ule wewe ulikuwa ukibeba mizigo ya wageni hotelini Galu, nyumbani unaonekana Jumapili tu, kwa hiyo mengi uliyasikia baadaye yakiwa yamekatwakatwa. Daktari alitoka bara, akanunua kipande cha ardhi, akajenga zahanati ndogo ya mabati. Ni mtu mpole. Nataka ulishike hilo, kwa sababu yaliyotokea hayakufanywa na mtu mbaya. Yangefanywa na mtu mbaya ningekuandikia barua fupi zaidi.

Kadi za wagonjwa zilikuwa kwenye rafu ya mbao, na mchwa walikuwa wameigundua. Ukiivuta kadi, nusu inakuja mkononi na nusu inamwagika chini kama pumba. Siku moja mama, yaani bibi yako, alikwenda kupimwa presha, mimi nimemsindikiza, Daktari akamwambia, "Hii maneno ya mchwa imenishinda. Nimenunua kompyuta. Nasikia huyu msichana wako anajua kupiga taipu."

"Kupiga anajua, na kusoma anajua," mama akasema. "Kusema ndiyo hajui. Ukimuuliza kitu, ngojea kidogo."

Wakacheka wote wawili, nami nikatazama miguu yangu. Likizo ya Desemba nikaanza kazi. Kadi ya kwanza niliyoitafuta ilikuwa ya mama yako. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameandika: Asidungwe penisilini. Unaijua habari yake. Ulikuwa bado unanyonya, akadungwa sindano, midomo ikavimba na pumzi zikamfunga, akaokolewa na Mungu tu. Yeye mwenyewe jina la dawa hakuwahi kulishika. Alijua tu kwamba limeandikwa. Miaka yote ile alidungwa sindano nyingine na hakudhurika, kwa sababu kila mara mtu aliitazama kadi kwanza.

Niliyaandika maneno yale kwenye mashine kwa herufi kubwa. Nilipomaliza kadi zote, Daktari akazichoma nyuma ya zahanati, pamoja na mchwa wake. Mimi mwenyewe nilibeba mafungu. Sitakudanganya kwamba moyo ulinisita. Nilifurahi. Nilijiona mtu aliyeokoa kitu.

Sasa nikueleze habari ya friji, ambayo leo umenirushia usoni kama jiwe. Nataka uielewe vizuri, maana ukiielewa nusu utadhani lilikuwa kosa la mjinga, na kosa la mjinga halimfundishi mtu anayejiona ana akili.

Nilikuwa nimeazima kitabu maktaba ya shule, cha kutunza kompyuta. Nilikisoma mwanzo hadi mwisho, nikarudia. Kilisema kila kilichomo ndani ya mashine lazima kiwe na nakala nje ya mashine, na kwamba joto huua disketi. Kilisema pia vumbi na sumaku. Kuhusu unyevu kilikuwa na sentensi moja, nami niliisoma kama mtu anavyosoma habari za theluji. Hapa kwetu unyevu ndio hewa yenyewe. Chumvi huyeyuka chomboni, viatu huota ukungu chini ya kitanda, na hakuna anayesema ni ugonjwa. Sikujua kwamba kile kitabu kilikuwa kinanizungumzia mimi.

Basi nikatafuta mahali pa baridi. Zahanati nzima ilikuwa na mahali pamoja tu pa baridi: ile friji ya mafuta ya taa inayohifadhi chanjo. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua ovyo. Chanjo za watoto zilikuwa humo na haziharibiki, na kama kitu cha thamani namna ile kinalindwa humo, kwa nini nakala zangu zisilindwe humo? Nikamuuliza Daktari. Kusema kweli nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi nikakiweka mezani kwake. Akasoma, akamwita mkewe. "Umeona akili ya huyu mtoto? Mimi singefikiria."

Kila Ijumaa baada ya shule nilipitia zahanati. Nilitoa disketi kwenye friji, nikazifuta umande kwa pindo la sare, nikazitia kwenye mashine zikiwa bado baridi, nikanakili, nikazirudisha. Mashine iliniambia kila mara kwamba imemaliza. Nami niliiamini, kama unavyomwamini mtu anayejibu ndiyo haraka. Sikuwahi hata mara moja kuzifungua zile nakala nione kama zinasomeka. Kila Ijumaa nilikuwa nikitia maji ndani ya kitu kilekile nilichokuwa nikikilinda, na kila Ijumaa nilirudi nyumbani nimeridhika.

Mashine yenyewe nayo tuliipenda hadi ikafa. Mke wa Daktari aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kizuri sana, kwa ajili ya chumvi ya upepo na vumbi la barabarani. Kilifunika kila kitu, hata matundu ya kutolea joto, na mara nyingi hatukukiondoa tukiwa kazini. Tulikikunja mbele tu ili tuone kioo. Ukigusa mgongo wa mashine mchana ulikuwa moto kama bati la paa.

Kisha ukaanza ule mlio. Tak, tak, kimya kidogo, tak. Nilidhani ni mjusi nyuma ya meza. Unajua wanavyolia ukutani usiku. Nilichukua ufagio nikamtafuta, sikumwona, nikaendelea na kazi. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba ndani ya diski kuna sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaosoma juu yake bila kuigusa, na kwamba ule mlio ni mkono unaotafuta mahali pake na kupakosa. Mashine ilikuwa inanieleza kwa lugha yake kwamba inakufa, nami nilikuwa namtafuta mjusi.

Masika yalipoanza, umeme ukakatika mchana mmoja na kurudi kwa nguvu. Taa zote za zahanati ziliwaka nyeupe, moja ikapasuka. Kioo cha kompyuta kilipowaka kilikuwa cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi, na ule mstari ulisema haioni diski.

Tuliipeleka Ukunda kwa yule fundi kijana wa kutoka Nairobi, mwenye duka dogo karibu na stendi. Aliiweka diski sikioni kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa.

"Sisto, hii imeenda," akaniambia. "Imeenda kabisa. Mna kopi?"

Nikampa disketi. Akatia moja, mashine yake ikakwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Akatia nyingine. Kisha akasukuma kile kibati cha pembeni, akaitazama ile filamu ya ndani kwenye mwanga. Ilikuwa na madoa meupe, kama mkate uliosahauliwa.

"Mlikuwa mnaziweka wapi, baharini?"

"Kwenye friji," nikasema.

Alianza kucheka, kisha akaniangalia, akaacha. Akasema yuko mtu Mombasa anayeweza kujaribu kuifufua diski, lakini tusitie matumaini sana. Na labda kunifariji, akanionyesha gazeti moja la kompyuta lenye habari za diski za namna mpya zisizozunguka, hazina sahani wala mkono, zina vipande vya umeme tu. Bei yake ni ya watu wa jeshi na wa mabenki. Alisema siku moja kila mtu atakuwa nayo na hizi za kulia kama mijusi zitasahaulika. Nilifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi. Nilifikiria kwamba diski isiyokuwa na kitu kinachocheza ndani, siku ikifa, haitalia kabisa. Hiyo yetu angalau ilijaribu kutuambia.

Daktari hakunikaripia. Alisema, "Tutaanza upya pole pole. Watu watakuja, watatuambia." Akatuma diski Mombasa. Ile mashine tupu akairudisha mezani pake, na mkewe akaifunika kitambaa chake.

Sehemu inayofuata nilikueleza kwa mdomo wangu siku ya hitima, nawe ukatoka nje kabla sijamaliza. Imalize hapa.

Nilinyamaza. Lile la friji lilikuwa kosa la kutojua, na kutojua kunaweza kusamehewa. Lakini baada ya ile siku ya fundi nilikuwa najua, na sikumwambia mtu nyumbani. Niliona aibu. Watu walikuwa wamenisifu, nami sikutaka sifa zile ziishe haraka hivyo. Tena nilikuwa nangoja jibu la Mombasa. Nilijiambia diski itafufuka, na kila kitu kitarudi, na hakutakuwa na haja ya kumtia mtu hofu. Mama yako aliniuliza jioni moja, tunachambua mchicha, "Mashine yenu imepona?"

Nikasema, "Itapona."

Alikuwa ameniuliza swali moja, nami nikamjibu lingine. Akaridhika, akaendelea kuchambua mboga na kunihadithia habari zako za hotelini, jinsi ulivyombebea mgeni mmoja sanduku hadi chumba kisicho chake. Tulicheka. Ningeweza kusema pale. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kabisa.

Alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kikachukua homa, na siku ya tatu akaamua aende zahanati mwenyewe kwa miguu, kwa sababu hakutaka kumsumbua mtu kwa jambo dogo. Daktari alikuwa amekwenda kununua dawa. Alikuwepo muuguzi mgeni, binti wa watu, hakuwa na mwezi pale. Alimuuliza kama ipasavyo, kuna dawa yoyote inayokudhuru? Huyo muuguzi mwenyewe alinieleza, akilia, na mimi namwamini. Mama yako alimjibu, "Yangu yote mnayo humo," akaelekeza kwa kidevu ile meza yenye kitambaa cheupe.

Muuguzi akaelewa kwamba hakuna neno, akamdunga penisilini. Dada yangu akaelewa kwamba ameshasema. Kati yao palikuwa na sanduku tupu lililofunikwa vizuri.

Nilikuwa darasani, somo la kemia. Mwalimu mkuu alipoita jina langu mlangoni nilijua kabla hajafungua mdomo, na nilichokijua hakikuwa kwamba amekufa. Nilijua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikijua. Hicho ndicho nilichokipata katika kusoma kwangu kote.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Umenionea ya kutosha kwa kutonipiga. Nayaandika kwa sababu ya yale uliyosema leo kwenye sahani ya chakula, nami nataka uyaone yakiwa yameandikwa, maana yakiandikwa yana sura nyingine.

Bibi yako alikuuliza utafanya kazi gani huko kwenye zahanati ya mzee Maghanga. Ukasema, "Kuingiza kadi za wagonjwa kwenye kompyuta, bibi. Mzee Maghanga amenunua mpya kwa sababu ya hii hofu kwamba kompyuta za zamani zitakwama ukiingia mwaka elfu mbili. Tukimaliza, kadi zote zinachomwa. Hataki kuona karatasi ikifika Januari."

Mimi ndiye niliyeuliza, "Nawe ulimjibuje?"

"Nilimjibu ndiyo, mzee. Ulitaka nimjibuje? Sijaanza hata kazi."

"Ungemwambia zibaki."

"Zainabu, mimi si wewe," ukasema. "Mimi sitaweka disketi kwenye friji."

Bibi yako akasema, "Rashidi, mdomo huo." Ukanyanyuka na sahani yako ukaenda kulia chakula uani.

Ni kweli, hutaziweka kwenye friji. Ulisoma kozi Ukunda, unajua mengi kuliko nilivyojua mimi, na mikono yako haitetemeki. Lakini kuna kosa ambalo ni la huko, linakungoja wewe, na halijapata jina bado. Mimi nimekaa nikijaribu kulifikiria. Ulituambia zahanati iko karibu na reli, na kwamba garimoshi likipita vikombe vinagongana kabatini. Basi ile meza ya kompyuta nayo inatikisika, na ule mkono mwembamba unaosoma bila kugusa, siku moja utagusa. Ulisema umeme wao ni wa jenereta. Ulisema vumbi la malori linaingia hadi kwenye chai. Unaweza kuihamisha meza, kutafuta kifaa cha kutuliza umeme, na kuacha matundu wazi huku ukizuia vumbi, na bado kitakuwapo kitu kimoja ambacho si wewe wala mimi tumekiwaza, kwa sababu watu wa pale wamekizoea kama sisi tulivyouzoea unyevu.

Fanya nakala kila siku, lakini usiishie kwenye kufanya. Ipeleke kwenye mashine nyingine, hata kama ni kuomba posta au shuleni, uifungue, usome jina la mgonjwa mmoja kwa sauti. Nakala ambayo haijasomwa ni matumaini tu. Nyingine ilale mahali mbali na zahanati, maana nyumba ikiungua haichagui chumba. Ukisikia mlio usioujua, acha kazi hapohapo, usiongeze hata neno moja. Okoa kwanza kilichopo. Haya unayajua. Nimeyaandika kwa sababu siwezi kutoyaandika.

Usilolijua ni jinsi mtu anavyojisikia mashine ikifa. Hutasikia hofu. Utaona aibu, na aibu itakwambia ungoje kidogo kabla ya kusema. Siku hiyo nenda kwa kila mgonjwa anayeingia, umwambie kwa mdomo: tumepoteza habari zako, tuambie upya, usituamini. Sema hata kama mzee Maghanga amekukataza, na hata kama watu watakucheka hadi stesheni. Hilo ndilo jambo ambalo sikuliweza.

Lakini kwa nini ungoje siku hiyo wakati kadi zipo? Najua jibu lako. Utasema karatasi nayo huliwa na mchwa, hulowa, huungua. Ni kweli. Nimeziona zikimwagika kama pumba. Ila karatasi hufa kidogo kidogo mbele ya macho yako. Mchwa wakila kadi ya huyu, ya yule imebaki, nawe unaona tundu na unajua kuna kilichopotea. Diski hufa yote, kwa wote, saa ile ile, na nje inabaki nzima kama jana. Ningekuwa na vyote viwili, siku ile muuguzi angeichukua kadi ya mama yako iliyoliwa nusu, na ile nusu ya juu yenye wino mwekundu ingetosha.

Na fikiria ni nani hasa wanaokuja kwako. Hapa Bongwe mtu akipoteza kadi, shangazi yake anakumbuka, jirani anakumbuka. Pale Mackinnon Road atakuja dereva wa lori ambaye mara ya mwisho alitibiwa pale mwaka juzi, na utingo wake hajui hata jina lake la pili. Atakuja mchungaji aliyetembea kutwa nzima na ng'ombe, ameshikiliwa na ndugu yake mdogo, mdomo umekauka hawezi kusema. Ukimuuliza yule mdogo, atakuelekeza kwa kidevu.

Najua kazi hii tumeingoja kiasi gani. Tangu hoteli ipunguze watu hujawahi kukaa nyumbani kwa raha. Unatoka asubuhi ili usionekane umekaa. Mishi, mdogo wako, anaingia darasa la nane. Bibi yako anagawa vidonge vyake vya presha nusu kwa nusu akidhani hatumwoni. Mzee Maghanga ni mtu wa heshima, na hakuna anayempa amri mwajiri wake siku ya kwanza. Yote hayo nimeyaweka upande mmoja tangu magharibi, nikajaribu kuyaona mazito kuliko yale ya upande wa pili. Sikuweza. Labda mama mwingine angeweza. Wewe umepewa huyu.

Basi nisikilize, maana sasa sikuombi tena. Mzee Maghanga anakuja kukuchukua alfajiri, akitoka Ukunda na mizigo yake. Atashuka, bibi yako atamkaribisha chai, naye atakaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Mimi nitatoka ndani. Nitamwamkia shikamoo, na akishaitikia nitamweleza kila kitu: friji, mlio, kitambaa, na kidevu cha dada yangu. Nitamwambia kwamba mwanangu hataingiza kadi hata moja kwenye mashine yake mpaka aahidi kwamba hazitachomwa. Sauti yangu itatetemeka. Utaona haya kwa ajili yangu, na huenda akakunja uso, akanywa chai yake, akaondoka peke yake akatafute kijana asiye na mama mwenye maneno mengi. Nimeshalifikiria hilo hadi mwisho wake. Utabaki hapa bila kazi na utanichukia, na kule mchungaji nisiyemjua atakuwa na kadi yake kwenye rafu.

Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako sasa hivi. Una usiku mzima wa kuisoma. Ukiamka ukamwambia mzee Maghanga wewe mwenyewe, kwa maneno yako ya kiume na ya kikazi, nitakuwa nimesimama nyuma ya pazia na sitatia neno. Kunyamaza ninakujua sana. Lakini akimaliza chai hujasema, nitatoka.

Mama yako mdogo,
Zainabu